Hita ya bafuni kujizima yenyewe

Pole ndugu. Kama hita yako ya kupasha hewa bafuni inawaka dakika 10, inazima, kisha inarudi yenyewe ikishapoa, mimi naishuku ile kinga ya joto kupita kiasi, yaani swichi ya ndani inayoizima hita ikipata moto sana. Zima umeme kwenye swichi kuu, iache ipoe, halafu chungulia matundu ya hewa. Yangu yalizibwa na vumbi lililoshikana na unyevu mpaka likawa kama pamba. Nililitoa kwa brashi kavu, ikatulia. Taulo nayo isining'inie mbele yake.

Ila ukiona plagi imebadilika rangi au inanuka plastiki iliyoungua, usiiwashe tena. Hita ya wati 2,000 huvuta karibu ampea 9 kwenye volti 230, na kiungo cha waya kilicholegea huungua. Hapo mwite fundi umeme. Na tafadhali sana, waya wa ekstensheni usiingie bafuni.