Ukijua Do-Re-Mi, Kodi Unazo Tayari

Wapiga kinanda wengi wa kanisani, Kisumu, Kakamega hata Nakuru, hufundishwa kodi (noti tatu au zaidi zinazopigwa pamoja) kama umbo la mkono: kidole hapa, hapa na hapa. Wanashika C, F na G vizuri. Kwaya ikiimba katika D, yaani do ikiwa D, wanakimbilia kitufe cha transpozi, kinachopandisha au kushusha sauti ya kinanda bila mkono kubadilika. Na wanakwaya walio mbele yao wameshika karatasi za do-re-mi, ambamo kodi zote zimo.

Anza na skeli, yaani ngazi ya noti kutoka do hadi do. Kutoka do, ukihesabu vibonyezo vyote, vyeupe na vyeusi, unasonga 2, 2, 1, 2, 2, 2, 1. Ukianzia D unapata D, E, F shapu (kibonyezo kimoja juu ya F), G, A, B, C shapu, kisha D tena. Ziandike kabla ya kugusa kodi yoyote.

Kodi hujengwa kwa kuruka: chukua noti, ruka moja, chukua, ruka, chukua. Do-mi-so ni kodi ya kwanza, fa-la-do ya nne, so-ti-re ya tano. Hizo ni meja, na zinabeba tenzi nyingi na benga nyingi pia. Re-fa-la, mi-so-ti na la-do-mi ni maina. Noti ya katikati ndiyo inayoamua: meja husonga vibonyezo 4 kisha 3, maina 3 kisha 4. Ti-re-fa ni 3 na 3, haitulii. Anayeanza aiache, apige so-ti-re-fa mahali pake.

Kosa linalosikika sana ni kodi ya tano ya D kupigwa A, C, E, kwa kuwa mkono umezoea C nyeupe. Ti ya D ni C shapu. Kwaya inaimba ti, kinanda kiko nusu toni (kibonyezo kimoja) chini yake, na lawama zinawaangukia soprano bure. Angalia kidole chako cha kati kwanza.

Transpozi nayo ina gharama yake. Mpiga gitaa akiuliza mko wapi, unamjibu C kwa sababu ndiyo unayoiona, na spika zinatoa D. Ukilazimika kuitumia, mtajie ile inayosikika.

Halafu acha kurusha mkono. Shika D, F shapu, A. Ukienda kodi ya nne, D ibaki ilipo. F shapu ipande G, A ipande B. Rudi ulipoanzia. Ukienda ya tano, A ndiyo inayobaki. D inashuka C shapu, F shapu inashuka E. Mkono wa kushoto upige besi tu: D, G, A. Fanya polepole huku ukiimba unachopiga: do-mi-so, do-fa-la, do-mi-so, ti-re-so. Vidole vikitulia, hamia G, yenye F shapu peke yake, kisha F, yenye B flati (kibonyezo kimoja chini ya B), kwa maneno yaleyale.