Mayai ya kanga pori shambani: yaache hapo hapo

Pole na kazi ya shamba, dada. Unasema mmefyeka majani pembeni mwa mihogo mkakuta mayai tisa ya kanga pori, ya baridi, hakuna ndege karibu, na sasa unafikiria kumwekea kuku wako ayaatamie. Nakuomba usiyachukue.

Ubaridi hauna maana kwamba yametelekezwa. Kanga hutaga chini, kwenye kishimo kidogo alichokiparura majanini, yai moja moja kwa siku kadhaa, wala halalii mpaka yatimie. Kwa muda wote huo mayai hukaa baridi bila kuharibika, maana kifaranga ndani haanzi kukua hadi yapate joto la mama. Akishaanza kuatamia, vifaranga hutoka baada ya siku 26 hadi 28 hivi.

Kama mlishayagusa, msiogope. Ndege hasusii yai kwa harufu ya mkono. Hatari kubwa ni nguchiro na kenge, hasa sasa kiota kikiwa wazi. Acheni majani yaliyobaki, hatua kama tano kila upande, na msipite hapo kila saa kuchungulia, mtamtisha mama. Mbwa afungwe. Kufyeka mtamalizia vifaranga wakishaondoka. Huanza kutembea na mama yao muda mfupi tu baada ya kuanguliwa.

Halafu kwa hapa Tanzania, kanga pori na mayai yake ni wanyamapori, vinalindwa na sheria ya mwaka 2009. Ukitaka kufuga, nunua vifaranga kwa mfugaji mwenye kibali.