Daraja D halikupeleki kwenye Coaster

Kaka, umeuliza kama leseni yako ya daraja D ya miaka miwili inatosha kuendesha Coaster ya abiria ya Kigoma–Kasulu. Haitoshi. D ni gari la kawaida tu, abiria wa kulipa nauli hawamo. Hata pikipiki haimo, ingawa hapa Mwandiga wapo wanaoendesha bodaboda na D mfukoni, roho kwatu. Pikipiki ni A au A1, kutegemea ukubwa wa injini. Bajaji ni A2.

Kwa abiria ni familia ya C. C2 ni abiria 4 hadi 15, yaani Noah na Hiace. C1 ni 15 hadi 30, na Coaster nyingi zinaangukia hapo. Zote mbili zinataka uwe umekaa na D angalau miaka mitatu, kwa hiyo bado una mwaka. C yenyewe, ya basi kubwa la abiria 30 na zaidi, inataka miaka mitatu mingine juu ya C1 au E (ile ya magari mazito). Kuruka kutoka D hadi C hakupo, na anayekuambia "nitakufanyia mpango" anataka hela yako tu.

Huu mwaka uliobaki utumie kusoma kozi ya udereva wa magari ya abiria. Anzia kuuliza VETA, chuo cha ufundi stadi. Cheti utakihitaji kabla ya kutahiniwa na trafiki. TRA, watu wa mapato, wao wanakuja mwisho, kwenye malipo na kadi ya leseni.

Tajiri mwenye gari akikusukuma uanze sasa, mwambie ukweli: gari likipata ajali na dereva hana daraja lake, bima inaweza kumgomea.