Kusoma uandishi wa habari wa mtandaoni ukiwa Kigoma: uzoefu wangu

Mleta mada, umesema uko Kasulu, umemaliza kidato cha sita na unautaka uandishi wa habari wa mtandaoni, ila mjomba wako anasisitiza kwamba bila kwenda Dar na bila kamera utapoteza ada bure. Mimi nasoma diploma ya fani hiyo, na kazi zangu za vitendo nazifanya hapa Kigoma mjini kwa simu. Ushauri wangu: usihame. Ngoja nieleze.

Wengi wanaingia wakidhani mtandaoni mshindi ni anayewahi kurusha. Mkufunzi wetu alitukatalia hilo mapema. Alituletea picha iliyokuwa inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp: nyumba zimezama hadi madirishani, maelezo yanasema ni Kibirizi, mwalo wa hapa Kigoma mjini, Ziwa Tanganyika limepanda usiku. Ilikuwa rahisi kuiamini, maana miaka hii ziwa limepanda kweli na watu wa mwaloni wameonja adha yake. Akasema, "Sitaki habari. Nataka mniambie picha hii imepigwa wapi."

Tukaikuza kwenye simu, kipande kwa kipande. Nyuma kabisa, juu ya mlango wa duka, palikuwa na bango la Kifaransa. Hapa kwetu bango la namna hiyo ni nadra. Ng'ambo, Uvira ya Kongo au Bujumbura ya Burundi, ni la kawaida. Tukaipitisha kwenye Google Lens, zana ya kutafuta picha ilikotoka mtandaoni, ikatuletea picha ile ile iliyowekwa zamani na ukurasa wa Burundi. Tulidhani kazi imeisha. Mkufunzi akauliza, "Na Kibirizi kukoje leo?"

Ikabidi twende. Tukamkuta mama mmoja anageuza dagaa juani. Tukamwamkia, tukamwonyesha picha. Akaitazama, akasema, "Wanangu, maji tunayo, lakini haya si ya hapa." Kisha akatuonyesha nguzo za vichanja vyake vya zamani zimesimama ndani ya maji, ndege wametua juu yake. Sasa anaanika kwenye eneo la kukodi, na kodi hiyo anaifidia kwenye bei ya kisado. Hiyo ndiyo ikawa habari yetu, na hakuna mtu mwingine aliyekuwa nayo. Aliyekaa ofisini mbali angeweza kugundua kwamba picha ni ya uongo, lakini habari ya yule mama asingeipata.

Ndiyo maana nasema Kigoma ni mtaji. Ziwa lilipofungwa kwa shughuli za uvuvi, Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, tangazo la serikali kila ukurasa ulilinakili. Kilichokuwa hakijaandikwa ni maisha ya mchuuzi wa samaki aina ya migebuka ndani ya miezi hiyo mitatu, na hayo unayapata kwa kukaa naye. Na ujue saa za watu wako: wavuvi wa dagaa wanafanya kazi usiku wa giza kwa taa, mbalamwezi ikikolea wanapumzika. Ukimpigia mvuvi saa nne asubuhi baada ya usiku wa kazi, unamwamsha, na majibu yatakuwa ya mkato.

Upande wa kuandika, kilichonisumbua zaidi ni aya ya kwanza. Msomaji wetu anatumia bando la kuunga, skrini ndogo, mtandao unakatika. Jambo kuu likae juu, aya ziwe fupi, picha zipunguzwe uzito kabla ya kupandishwa. Kichwa cha habari kiahidi kile tu kilichomo ndani. Na ukibadilisha kitu baada ya kuchapisha, andika hapo hapo kilichobadilika na saa. Kufuta kimyakimya ni dharau kwa msomaji, mimi hilo silipendi kabisa.

Sheria usizikwepe, maana mwanafunzi naye zinamhusu. Kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, ambayo kifungu cha 16 kinagusa taarifa za uongo; kuna Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 inayotaka mwandishi awe na ithibati, yaani kibali rasmi cha kufanya kazi hiyo; na kuna Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni, za 2018 kisha za 2020, zilizorekebishwa 2022, ambazo kwazo chombo cha habari cha mtandaoni kinahitaji leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Kwa hiyo usikimbilie kufungua "online TV" yako ukiwa mwaka wa kwanza. Andika chini ya chombo chenye leseni, upate mhariri wa kukurudishia kazi.

Vifaa: simu janja inayorekodi sauti vizuri, maiki ndogo ya waya na pawabenki. Kamera itakuja baadaye. Mjomba ana hoja moja ya kweli, kwamba malipo ya kuanzia ni madogo na nafasi za field (mafunzo kazini) kwenye vyombo vikubwa ni chache huku kwetu. Ila redio za mkoani zina kurasa za mtandaoni zinazohitaji watu wa kuzilisha kila siku, na huko unapewa kazi ya kweli mapema.

Kabla hujalipa ada popote, hakikisha chuo kimesajiliwa NACTVET, baraza la serikali linalosimamia vyuo vya ufundi, kisha omba uonyeshwe habari tatu zilizoandikwa na wanafunzi wao muhula uliopita. Wakikosa za kukuonyesha, tafuta kwingine.