Kusomea Uuguzi wa Watoto Wachanga Uingereza: Jibu Langu kwa Wenzangu

Dada na kaka zangu wauguzi, kwa muda sasa mmekuwa mkiniuliza swali lile lile, kila mtu kwa namna yake: je, ni kweli kwamba ukifika Uingereza unasomeshwa ubobezi wa kuwahudumia watoto wachanga, kisha mshahara unapanda? Nimekuwa nikijibu kwa mkato kwa sababu ya uchovu wa zamu, na naona majibu yangu yamewapa baadhi yenu matumaini ambayo sikukusudia kuyapanda.

Hakuna anayeshuka kwenye ndege na kuingia darasani. Baraza la Wauguzi na Wakunga la huku linataka kwanza uthibitishe Kiingereza chako, ufaulu mtihani wa kompyuta, kisha mtihani wa vitendo, ndipo usajiliwe. Hata ukishasajiliwa, miaka uliyofanya kazi nyumbani husifiwa zaidi kuliko inavyohesabiwa. Mimi nilikuwa nimesimamia wodi ya watoto njiti, lakini nilianzishwa kwa watoto waliokuwa wakisubiri tu kuongezeka uzito ili waruhusiwe, huku binti ambaye ningeweza kuwa mama yake mdogo akinikagua ninavyobadilisha nepi. Niliumia, siwafichi. Baadaye nilikiri kwamba alikuwa na haki ya kukagua, maana kila kitengo kina taratibu zake na mtoto hajui sifa za muuguzi.

Nafasi ya kozi nayo niliahidiwa ndani ya mwaka wa kwanza. Niliisubiri karibu miaka miwili, kwa kuwa kila muhula wodi ilikuwa na upungufu wa watu na hakuna aliyekuwa tayari kuniachia. Hilo lina kichekesho chake: viwango vya huku vinataka angalau asilimia 70 ya wauguzi waliosajiliwa katika vitengo hivi wawe na ubobezi, na mtoto aliye mahututi awe na muuguzi wake peke yake, kwa hiyo hospitali inawahitaji sana wabobezi lakini inashindwa kumwachilia mtu akasome.

Kozi yenyewe huendeshwa na chuo kikuu, na wengi huisoma wakiwa kazini. Kuna insha, kuna mitihani, na kuna kitabu cha stadi ambacho kila kipengele husainiwa na msimamizi aliyekuona ukitenda. Msiichanganye na shahada kamili ya uzamili ya wauguzi wa ngazi ya juu, ambao huingiza mpira wa hewa kooni mwa mtoto na kupitisha mirija kwenye mishipa ya kitovu, kazi tulizozoea kumwachia daktari. Hiyo ni safari nyingine.

Nilidhani nitafundishwa mashine. Nilifundishwa zaidi kuhesabu na kutazama. Usiku mmoja nilikuwa na mtoto wa gramu 700, na nilipomaliza kuchukua damu ya vipimo msimamizi wangu akaniuliza, "Tangu asubuhi amekwisha kutolewa kiasi gani?" Sikuwa na jibu. Akanionyesha kwamba mwili mzima wa mtoto yule una takriban mililita 60 za damu, hivyo mililita 2 kwake ni sawa na kumtoa mtu mzima zaidi ya mililita 150. Tangu usiku ule kila tone naliandika. Oksijeni ni vivyo hivyo: nilizoea kuiona kama rafiki ambaye hazidi, kumbe kwa njiti ikizidi huharibu macho, na ndiyo maana kengele ya mashine hulia kiwango kikipanda kama inavyolia kikishuka.

Mnaouliza kama elimu hii itafaa nyumbani ambako vifaa ni vichache, nina jambo la kuwachekesha. Moja ya insha zangu ilihusu kumbeba mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, utaratibu ulioanzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978 kwa sababu inkubeta hazikutosha. Nilikuwa nikiufanya kila siku kule, kwa aibu kidogo, nikidhani ni njia ya wasio na mashine. Hapa nikaukuta wodini kando ya mashine za bei kubwa, na wazazi wanahimizwa kukaa hivyo kwa saa nyingi.

Kuhusu fedha, cheti hakikupandishi daraja chenyewe. Kinakupa sifa ya kuomba nafasi ya juu inapotangazwa. Ada mara nyingi hulipwa na mwajiri, lakini waweza kutakiwa uirudishe ukiondoka mapema. Kwa hiyo kabla ya kusaini chochote, mtakeni mwajiri awajibu kwa maandishi mambo haya: kozi itaanza lini, nani atailipia, siku za darasani zitahesabiwa kuwa za kazi au la, na mtafungwa kwa muda gani baada ya kumaliza. Akisema hayo mtayazungumza mkishafika, mjue ndivyo nilivyoambiwa mimi.