Kifusi cha zege kwenye mtaro wa bomba: kwa mnaoanza kazi

Wadogo zangu, nyumba ya zamani ikibomolewa Moshi, kifusi chake kinatafuta pa kwenda, na fundi mwenye mtaro wazi anakiona kama zawadi. Mimi pia nilikiona hivyo. Tulikuwa mtaa wa Pasua, tumelaza bomba la plastiki la milimita 63. Nikamwambia kijana wangu amwage toroli za zege na tofali zilizovunjwa moja kwa moja juu yake. Tukashindilia, mteja akalipa, jioni tukanywa mbege.

Masika ilipopita, njia ilikuwa imebonyea na maji yanabubujika. Tulipofukua tukakuta ncha ya tofali imelalia bomba. Nilipapasa pale: tundu dogo kama la msumari, na pembeni mkwaruzo mrefu.

Kifusi bado nakitumia, ila siku hizi kikikaribia bomba lazima kiwe kimepita kwenye chekeche, na punje kubwa kuliko milimita 10 hazipiti. Kinacholigusa bomba lenyewe ni mchanga. Ondoa nondo, waya na mbao (mbao zikioza zinaacha uwazi). Jipsamu (ile nyeupe ya dari) itupe kabisa, chumvi yake iitwayo salfeti hula saruji. Halafu zege kuukuu linakunywa maji kuliko kokoto za kawaida, kwa hiyo limwagie maji kabla ya kushindilia, la sivyo unapiga vumbi tu.

Vijana wengi wanasahau ubavuni, chini ya tumbo la bomba. Bomba la plastiki linabebwa na udongo unaolikaba kulia na kushoto. Ukiacha uwazi pale, mzigo wa juu unalibonyeza linakuwa kama yai. Mimi hupiga magoti, nasukuma mchanga kwa mkono mpaka nihisi umekaza sawasawa pande zote mbili. Suruali inachafuka, ndiyo kazi.

Kutoka hapo panda kwa tabaka za milimita 150. Kompakta, mashine ya kushindilia, isipite juu ya bomba kabla hujafika milimita 300 kutoka mgongo wake. Na ukichimba ukakuta mfinyanzi mweusi, ule unaovimba masika na kupasuka kiangazi, usiurudishe. Hapo ndipo kifusi kilichochekechwa kinakuokoa.

Viungo viache wazi mpaka upime presha. Mteja atakuharakisha, jirani atalalamika hana pa kupita. Mwekee ubao.