Vitanda vitupu kwenye nyumba salama havina maana kwamba wanawake hawapigwi

Ndugu, umeuliza kwa nini tuhangaike kutafuta fedha za nyumba salama, yaani makazi ya muda ya wanawake wanaokimbia kipigo, mkoani Tanga wakati umesikia iliyopo ina vitanda vitupu. Nakujibu kwa niliyoyaona kwenye kazi yangu ya usaidizi wa kisheria, ya kuwasindikiza kina mama kutoka polisi na hospitali ya Bombo hadi kwenye nyumba hizo. Jina la nyumba wala mtaa sitaji, na wengine naomba msitaje, maana waume nao wanasoma humu.

Anza na hivyo vitanda. Chumba kina deka tatu, yaani nafasi sita. Anaingia mama na watoto watatu, mmoja anakojoa kitandani, mwingine mlango ukibamizwa anajificha uvunguni. Vinabaki vitanda viwili. Utamlaza nani pale? Chumba kimeshajaa, lakini kwenye ripoti kinasomeka kina nafasi. Ndiyo maana Baraza la Ulaya halihesabu vitanda. Kipimo chake ni nafasi ya familia moja, mama na wanawe, kwa kila watu 10,000. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 2,615,597 mkoani kwetu, kwa hiyo kwa kipimo hicho tungehitaji nafasi za familia 261. Hatujafika hata karibu.

Halafu kuna wanaofika mlangoni wakarudi. Yupo mama muuza mihogo wa Makorora niliyempeleka usiku, jicho limevimba, kabeba mfuko wa rambo wenye sare za shule. Alikuwa na binti mdogo na kijana wa miaka kumi na minne. Nyumba haipokei wavulana waliovuka kumi na miwili. Sababu yao naielewa, wasichana waliobakwa wanalala humo humo. Akaambiwa kijana apelekwe kwa ndugu. Akasema, "Mama, huyu ndiye anayemshika baba yake mkono. Nikimwacha, leo anauawa yeye." Wakaondoka wote watatu. Kwenye daftari la nyumba ikaandikwa "amekataa huduma". Mimi hilo liliniuma kuliko lile jicho, kwa sababu anayesoma daftari lile ofisini ataamini kwamba wanawake hawataki msaada.

Na msimu nao unadanganya. Mwezi wa Ramadhani nyumba huwa kimya. Wengi wanavumilia wafunge kwa amani, watoto wapate nguo za sikukuu, kisha Idi ikipita ndipo wanakuja kwa kufuatana. Mitihani ya darasa la saba ni hivyo hivyo, mama hamhamishi mtoto wiki mbili kabla ya mtihani hata kama mbavu zinamuuma. Ukitembelea nyumba kipindi hicho utaona kweupe, na utakosea.

Wengi pia huanzia kwa shangazi, kwa somo, kwa shehe au mchungaji. Huko wanaambiwa wavumilie. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, haimpi mwenzi yeyote haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo, lakini kwenye baraza la ukoo ni nadra kuisikia ikitajwa.

Sasa upande wa kutoka, ambao ndio hausemwi. Muda wa kukaa ukiisha mama anatakiwa apange chumba, na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi mitatu au sita mkononi. Biashara yake ilibaki kwa mume: karai, meza, hata wateja. Kwa hiyo ama anang'ang'ania chumba ambacho mwingine anakisubiri, ama anarudi kwa yule yule. Ningekuwa nagawa fedha mimi, fungu la kwanza lingekuwa kodi ya kuanzia na mtaji mdogo, la pili vyumba vya kujitegemea kwa kina mama wenye vijana wakubwa. Majengo mapya yangefuata baada ya hapo.

Na wewe dada uliyeuliza hapo juu umsaidieje jirani yako wa Mikanjuni anayepigwa: usimpeleke nyumba salama moja kwa moja, hawapokei hivyo. Mpeleke Dawati la Jinsia na Watoto la polisi apate PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, au kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, hao ndio wanaoandika rufaa ya kumpeleka kwenye nyumba. Kama anayeumizwa ni mtoto, piga 116. Na mwambie abebe vyeti vya kuzaliwa vya watoto na kadi zao za kliniki, maana kurudi kuvifuata ndipo wengi wanapokamatwa na kupigwa upya.